Punje Mbili za Buni Moja

Nyumba za Walimu,
Kayanga, Karagwe.
Jumamosi, 17 Agosti 2024.

Kwa kaka yangu mpendwa Elpidius,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi Anonciata na wanangu wote wawili, na kwamba kile kifua cha mdogo kimepona. Sisi huku hatujambo kwa kadiri tunavyoweza kuwa hatujambo. Mama anawasalimu sana. Goti lake linamsumbua asubuhi, lakini buni ameichuma karibu yote mwenyewe na ukimsaidia anakasirika. Vumbi ni jingi mwaka huu. Hata majani ya migomba yamekuwa mekundu.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu umeifungia. Sikulaumu, pengine hata mimi ningefunga. Barua nimempa Dusabe, yule anayepakia ndizi kuja huko, na nimemwambia asiiache mezani wala asimpe mtoto. Akupe mkononi mwako. Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo nilichokifunga kwenye karatasi ya daftari. Nakuomba usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho.

Mama ameniambia ulichomwambia. Kwamba unakuja nyumbani Chonyonyo ukishapata ruhusa kazini, na kwamba jinsi Adelard alivyoufanya mkono wa baba mdogo Novatus, nawe utaufanya wake hivyohivyo, ila wewe utaanzia begani. Mama aliyarudia maneno yako huku akimenya ndizi, polepole, kama anayesoma matangazo kanisani, na alipomaliza nikaona amejikata kidole. Kaka, nakujua. Hujawahi kusema jambo ukaacha kulifanya. Kwa hiyo nimekaa chini kumwombea mume wangu mkono wake, na pengine uhai wake.

Mume wangu. Niruhusu niandike tena: mume wangu. Nina wiki tatu tu tangu nianze kulitumia neno hili, na kila nikilisema najisikia kama nimevaa nguo mpya. Utaona ajabu kwamba mtu anaweza kuwa na furaha katika mambo kama haya. Mimi mwenyewe naona ajabu. Asubuhi naamka, nasikia anavyopiga mluzi akiwasha jiko, naona jinsi anavyoegemea upande mmoja kwa sababu ya mgongo, na moyo wangu unajaa mpaka nashindwa kumeza chai. Kisha nakumbuka, na chai inashindikana kwa sababu nyingine.

Wewe unamjua Adelard kama yule mtoto wa mzee Hategekimana wa ng'ambo ya mpaka wa migomba yetu, aliyekuwa akipita na madaftari kichwani. Hata mimi nilimjua hivyo tu, mpaka mwaka jana alipoingia kwenye lile duka la kuchapa karibu na stendi, nilipokuwa nafanya kazi. Alikuwa ameshakuwa mwalimu wa biolojia, na alileta karatasi za kidato cha sita zichapwe. Zilikuwa za Kiingereza. Somo lenyewe lilihusu jambo gani linaloamua namna kipande cha protini kinavyojikunja. Kiingereza changu ni kile cha kidato cha nne cha kubahatisha, basi nikamwomba anieleze ninachochapa, nisije nikaharibu.

Akaniomba ushanga niliovaa mkononi. Akasema protini ni uzi wa shanga, na shanga zenyewe ziko aina ishirini. Zipo zinazopenda maji na zipo zinazoyakimbia kama paka. Uzi ukiingia kwenye maji ya mwili, shanga zinazochukia maji zinakimbilia katikati kujificha, zinazoyapenda zinabaki nje, nyingine zinavutana, nyingine zinasukumana, na kabla hujapepesa macho uzi umejikunja, umbo lilelile kila mara. Nikamuuliza ni nani anayeukunja. Akasema hakuna. Wapo wasaidizi wanaouzuia usinasane na nyuzi nyingine, lakini hata wao hawaupi umbo. Umbo linatokana na mpangilio wa shanga, ipi imetangulia na ipi imefuata. Hata ukikata kipande kimoja cha uzi mrefu, kama mpangilio wake umekamilika, kitajikunja peke yake vilevile kilivyokuwa.

Kaka, alikuwa akinieleza hayo huku akiuzungusha ushanga wangu kwenye kiganja changu. Sijui kama uliwahi kumweleza wifi jambo lolote kwa namna hiyo. Nilikosea kuchapa ukurasa ule mara tatu kwa makusudi ili arudi, naye baadaye alikiri kwamba kosa la pili aliligundua kabla hajatoka dukani, akanyamaza ili apate sababu ya kurudi. Nilimwambia mimi ni shanga inayokimbia watu wote ikajifiche kwake. Alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nakuja kwenye omukago, ule undugu wa kuchanjiana damu. Unaujua kuliko mimi, lakini nataka tuukumbuke pamoja. Mzee Mbonimpa, babu yake Adelard, alipovuka Mto Kagera kutoka Rwanda akiwa na mke na mbuzi mmoja, babu yetu Nestory ndiye aliyempa ile kona ya shamba apande migomba. Wakala kiapo. Walichukua tunda moja la buni, wakalipasua, wakapata zile punje mbili zinazolaliana. Kila mmoja akajichanja chini ya kitovu, akapaka damu yake kwenye punje, akampa mwenzake kwenye kiganja. Wakameza bila kutafuna. Tangu hapo watoto wao wakawa ndugu, wasioane. Na yeyote atakayemwaga damu ya nyumba ya mwenzake, ile punje itamvimba tumboni mpaka impasue.

Baba yetu aliliamini hilo, Mungu amrehemu. Lakini aliyeliamini kuliko wote ni baba mdogo Novatus. Unakumbuka siku Adelard alipokanyaga jembe la baba mdogo pale mpakani? Alikuwa na miaka saba. Baba mdogo alimbeba mgongoni akakimbia naye mpaka zahanati, shati limelowa damu, anatetemeka kuliko mtoto. Miaka yote nilipokuwa nikiisimulia habari hiyo nilisema: tazameni moyo wa baba mdogo ulivyo mwema. Na unakumbuka pia jinsi alivyoitaka ile kona tangu babu alipofariki. Kila msimu alikuwa akisimama mpakani akiwatukana akina Hategekimana kwamba ni wakuja, kwamba ardhi ya kuazima hairithiwi. Alitukana hivyo miaka thelathini, na hakuwahi kuwarushia hata jiwe.

Adelard alipotuma watu kuniposa, baba mdogo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha baba. Aliwarudisha mara tatu. Mara ya tatu aliniita ndani akaniuliza, mbele ya mama, kama nimekosa wanaume Karagwe nzima na Kyerwa yote mpaka nitake kulala na kaka yangu. Mama alilia. Mimi sikulia, nilikasirika. Nilirudi Kayanga, usiku kucha nikiwaza, na kulipopambazuka nikaona nina dawa.

Ilikuwa Jumapili mwezi wa tano. Nilikwenda kwa baba mdogo peke yangu, na naomba uzingatie hilo: Adelard hakunituma, wala hakujua. Nilibeba mayai mawili na nusu chupa ya gongo. Nilimkuta uani akichambua maharage. Nikamwomba bakuli, nikavunja yai la kwanza, nikatenga kiini, ukabaki ule ute unaoonekana kama maji. Nikamwambia, baba mdogo, huu ni uzi wa shanga uliojikunja vizuri. Nikamimina gongo. Unajua kinachotokea: bila moto, bila jua, ute uligeuka mweupe kama umechemshwa. Alisogeza kiti.

Nikamweleza yote niliyofundishwa. Kwamba kikali kama gongo, au moto, au asidi, kinaukunjua uzi na umbo linapotea. Kwamba tumboni mwa kila mtu kuna asidi, na baada ya asidi kuna vimeng'enya vinavyoukata uzi vipandevipande mpaka zinabaki shanga mojamoja, na mwili unazichukua hizo shanga na kuzitunga upya kwa mpangilio wake wenyewe, siyo wa mwenye uzi wa kwanza. Kwa hiyo damu ya Mbonimpa ilipoingia kwa babu ilikoma kuwa damu ya Mbonimpa kabla jua halijazama. Babu akila nyama ya mbuzi hakuwa mbuzi. Mimi na Adelard si ndugu hata chembe.

Alikuwa akilitingisha bakuli.

“Kwa hiyo kwa babu yako hakikubaki chochote cha Mbonimpa,” akasema.

“Hakikubaki kitu, baba mdogo. Shanga tupu.”

“Na ile ya kuvimba tumbo?”

Nikacheka. Nikamwambia tumbo linavimba kwa minyoo.

Naye akacheka. Kaka, sijawahi kumwona baba mdogo akicheka vile, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akanisogezea bakuli la pili akasema, “Vunja na hilo lingine nione tena.” Nikavunja. Wiki ileile akatuma neno kwamba mahari ipokelewe, nami nilipiga magoti kwenye sakafu ya duka nikamshukuru Mungu na protini zake zote.

Harusi sitaisimulia sana maana ulikuwapo wewe mwenyewe, na ulicheza mpaka kiatu kikapasuka. Ila nataka ukumbuke kwamba baba mdogo alinishika mkono mpaka mlangoni pa kanisa, na kwamba alikuwa amemkumbatia mzee Hategekimana mbele ya watu. Wewe ukapanda basi Jumapili. Yaliyotokea Jumanne umeyasikia kwa simu ya watu wa baba mdogo, na sasa nitakueleza niliyoyaona kwa macho yangu.

Nilikuwa bado ndani kama bibi harusi, kwa wakwe zangu, kwenye ile nyumba ya kona. Mama mkwe Nyirabahire alikuwa akinipaka samli mikononi na kunitania kwamba mikono ya duka la kuchapa itamfia shambani. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi. Tukasikia migomba inakatwa. Sauti ya mgomba ukikatwa unaijua, ni kama nguo iliyolowa ikipigwa kwenye jiwe, halafu ule mwanguko. Tulidhani ni mmoja. Ikaendelea. Nikachungulia dirishani nikaona baba mdogo na vijana watatu wa kilabuni, wana mapanga, wanakuja wakiishusha migomba mstari kwa mstari. Ilikuwa na mikungu. Mikungu ilikuwa ikipasuka inapoanguka, na mmoja wa wale vijana alikuwa akiikanyaga huku akicheka. Walipofika kwenye mibuni waliikata pia, ikiwa na matunda mekundu ambayo hata hayajachumwa.

Mzee Hategekimana alitoka nje na kikombe chake cha uji. Hata hapo, kaka, alisalimia kwanza. Alisema, “Novatus, umeamkaje?”

Baba mdogo alimkata begani. Kikombe kilianguka, uji ukamwagikia miguu, na mzee akapiga goti moja kama anayetubu. Damu ilitoka kwa wingi mpaka nikaiona ikitelemka kwenye mikunjo ya shati na kudondoka kiunoni. Akainua uso akasema, polepole, “Novatus, punje.”

Na sasa sikiliza alichofanya baba mdogo, kwa maana ndicho ninachokiota kila nikifumba macho. Alisimama. Akaweka kiganja cha kushoto tumboni mwake, chini ya kitovu, akasubiri. Panga linadondosha damu, vijana wanamtazama, naye anasubiri, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio iliyo mbali. Sijui alisubiri muda gani. Tumbo halikufanya kitu. Ndipo akatabasamu.

“Punje ilikufa siku ileile, mzee,” akasema. “Muulize mkweo, ndiye aliyenifundisha.”

Akainua panga mara ya pili.

Nilikuwa dirishani na samli mikononi nikayasikia hayo. Kumbe yule mtu aliyembeba Adelard mpaka zahanati hakuwa akitetemeka kwa huruma. Miaka thelathini mkono wake ulikuwa umefungwa kwa punje moja ya buni, na ni mimi niliyekwenda kuufungua kwa mayai mawili. Na nikakumbuka kwamba siku ile ya bakuli, tulipokaa pale uani saa nzima, hakuuliza hata mara moja habari za harusi.

Adelard alikuwa nyuma ya nyumba akikata kuni. Alikuja mbio bila kitu chochote mkononi, akamrukia baba yake akamlalia juu, na panga la pili likampata yeye, kutoka bega la kulia kushuka mgongoni. Nilisikia lilivyochana shati. Alipiga ukelele mmoja tu lakini hakuinuka, alizidi kumfunika mzee. Mmoja wa wale vijana akampiga teke la mbavu. Mwingine alikuwa amemshika mama mkwe nywele, anamburuza kumtoa kwenye njia. Baba mdogo alivuta panga, akalifuta kwenye suruali, akaliinua mara ya tatu, na safari hii alikuwa amelenga shingo.

Hapo ndipo baba mdogo alipokatwa. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda na panga lake, vikaangukia kwenye majani makavu chini ya mgomba. Wewe umeambiwa, na polisi wameandika, kwamba Adelard aliinuka akachukua muhoro, ule wa mpini mrefu wa kupogolea migomba, akamkata. Nitarudi hapo.

Wale vijana walikimbia. Baba mdogo alikaa chini akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Na mama mkwe, ambaye nywele zake nyingine zilikuwa bado mkononi mwa mtu aliyekwishakimbia, alifungua kanga yake akamfunga baba mdogo kwanza, kabla ya mumewe na kabla ya mwanawe, kwa sababu ndiye aliyekuwa akivuja zaidi. Kisha akaviokota vile vidole kimoja kimoja, akavifunga kwenye jani la mgomba, akapanda navyo bodaboda nyuma ya gari lililowachukua wote watatu. Hospitali walisema haviungiki. Alirudi navyo. Amevizika kwa heshima pale mpakani, na baba mdogo ameambiwa mahali.

Mzee Hategekimana alishonwa nyuzi kumi na nane na mkono wake hauinuki tena kupita sikio. Adelard alikaa mahabusu siku nne na mgongo wake ukiwa mbichi, akatoka kwa dhamana. Siku aliyotoka nilimpokea hapa Kayanga, na huo ndio usiku wetu wa kwanza tukiwa wawili tu katika nyumba yetu. Kila asubuhi namsafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Kimeanza kufunga. Kina umbo la jani la muhogo lililokunjwa, nami nimeshakijua kila upindo wake, na nikimaliza nambusu pembeni mwa bandeji. Ananiambia nisimbusu, kuna vijidudu. Huyo ndiye mwanaume unayetaka kuja kumkata mkono.

Kaka, sasa nimefika mahali ambapo mara nne nimefika na kuichana barua hii.

Adelard hakuwa na muhoro. Alikuwa amelala juu ya baba yake, uso wake uko kwenye uji na damu, na hakuona kitu. Muhoro ulikuwa umeegemezwa mlangoni. Mimi ndiye niliyetoka nje, bibi harusi wa siku tatu, na kanga moja, mikono inateleza samli, nikaushika kwa mikono miwili nikamkata baba mdogo wetu. Sikulenga mkono. Nataka ujue ukweli wote: nililenga kichwa, na samli ndiyo iliyomwokoa, mpini uliniponyoka kidogo. Nilipoona vidole vimeanguka niliinua mara ya pili, na ni mama mkwe aliyenishika kiuno.

Polisi walipofika, Adelard, akiwa hawezi hata kusimama, aliwaambia ni yeye. Mimi nilifungua mdomo, naye akanitazama, nikaufunga. Hilo ni kosa langu la tatu. La kwanza ni mayai, la pili ni muhoro, la tatu ni huo mdomo. Jumatatu nakwenda polisi kusema. Adelard nimeshamwambia, tumegombana kwa mara yetu ya kwanza kama mke na mume, na nimeshinda.

Baba mdogo naye anajua ni mimi, maana alinitazama usoni. Nilikwenda kumwona wodini nikiwa na mama. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza kwa nini amekubali iandikwe Adelard. Aligeukia ukutani akasema, “Bora wajue nimekatwa na mwanaume.” Mama alicheka, kaka, hapohapo wodini, akaziba mdomo kwa mtandio, na baba mdogo mabega yakamtingishika, sijui kwa kucheka au kwa kulia. Kabla hatujaondoka aliniuliza kama nina hakika na habari za minyoo. Nikamwambia sina tena hakika na kitu.

Nilimuuliza Adelard pia. Nilimweleza habari ya mayai na gongo, ambayo hakuwahi kuijua, nikamwomba aniambie nilikosea wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anayesahihisha mtihani. Akasema hapakuwa na kosa hata moja, angenipa alama zote. “Ila swali la baba mdogo halikuwa la tumbo,” akasema, “na babu zetu nao hawakuwa wakila buni kwa ajili ya tumbo.” Nikamuuliza kama kilichokunjuliwa kinaweza kurudi. Akasema yai halirudi, nyuzi zake zimeshanasana. Lakini zipo protini ambazo ukiondoa polepole kile kikali kilichozikunjua, zinajikunja tena zenyewe kama zilivyokuwa, bila mtu kuzishika, mradi tu uzi haujakatwa. Nikamuuliza sisi ni yai au ni zile zinazorudi. Akasema hajui, yeye ni mwalimu wa biolojia tu.

Jana alikwenda Chonyonyo akipanda bodaboda na mgongo ule. Pale mpakani ulibaki mbuni mmoja ambao mapanga hayakuufikia. Alichuma tunda moja, wakalichemsha kwa majani kama inavyotakiwa, akalipasua mbele ya baba yake na mama yetu. Zilikuwamo punje mbili, zimelaliana. Moja akaimeza bila kutafuna. Damu hakupaka, mwalimu wa biolojia hawezi, alinitajia magonjwa saba. Mzee Hategekimana alisema haidhuru, damu ya mwaka huu imetosha.

Ya pili ndiyo hiyo iliyo kwenye karatasi. Sasa fungua.

Ni yako. Ukiimeza, wewe na Adelard mmeanza upya pale babu zetu walipoanzia, na hutaweza kumwinulia panga, wala yeye kwako. Hutaki kuimeza, basi uje nayo mfukoni, na ukifika usimtafute yeye. Nitafute mimi. Mkono uliofanya ni huu unaoandika.

Najua vizuri asidi ya tumbo lako itakavyoifanya hiyo punje. Najua vimeng'enya, najua shanga, ningeweza kukuandikia kurasa tatu. Najua kwamba kesho asubuhi haitakuwapo.

Meza, kaka.

Adelard amerudi na ndoo za maji, ananiuliza naandika nini kirefu namna hii. Nimemwambia naandika kwa kaka. Ametua ndoo, kisha amesema nikufikishie salamu zake na nikuulize kama kiatu kilishonwa.

Msalimie wifi Anonciata, wabusu watoto, na ikikupendeza ifungulie simu yangu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Restuta, mke wa Adelard.